Pesa, hela, satoshi: kipande kidogo kinataka jina

Hotuba kwa vijana waundaji wa programu za simu, Tanga

Mwenyekiti, wazee wangu mlioketi safu ya mbele, shikamooni. Wanangu wa kompyuta, hamjambo.

Bibi yangu alikuwa na duka Ngamiani, si mbali na ukumbi huu. Miaka ya sabini, nikitoka shule, kazi yangu ilikuwa kupanga sarafu kwenye kopo la maziwa: senti tano yenye samaki, ishirini yenye mbuni, na thumni yenye sungura. Juu ya kaunta palikuwa na kipimo cha bati cha kupimia mchele na kunde. Vibaba vinne ni pishi moja, hilo kila mtu alilijua. Lakini sikupata kumsikia mteja akiomba robo ya pishi. Aliomba kibaba, akapimiwa kibaba, akaenda zake. Kipimo cha mnyonge kilikuwa na jina lake, na mnyonge hakulazimika kutaja kipimo cha tajiri ili apate chakula chake.

Nimeanza na kibaba kwa sababu kazi yangu ni kufasiri maneno ya kwenye simu: ya vitufe, ya tahadhari, na ule ujumbe unaokuarifu kwamba salio halitoshi. Mwaka jana nililetewa pochi ya Bitcoin, yaani programu ya simu ya kutunzia ile fedha ya mtandaoni, niitie Kiswahili. Nilidhani nitahangaika na "ufunguo wa siri". Ule ulichukua dakika kumi. Kilichonikalisha wiki nzima ni mstari mmoja wa kuonyesha salio, ambao kwa mfano ulisomeka hivi: 0.00035 BTC, na BTC ni kifupi cha bitcoin. Nikajiuliza, hii nitaisomaje kwa mdomo? Sufuri nukta sufuri sufuri sufuri tatu tano. Jaribuni kumsomea mama yenu namba hiyo kwenye simu yenye kelele, halafu mwambieni arudie.

Tangulizeni jambo moja akilini kabla sijaendelea. Sikuja kumshauri mtu anunue Bitcoin. Bei yake hupanda na kuporomoka kwa namna inayoweza kumfilisi mtu, na mwenye ada ya mtoto mkononi aipeleke shuleni. Nazungumzia lugha. Fedha hizi zimekwisha kuingia kwenye simu za watu wetu, na mtu akiishika fedha ana haki ya kuihesabu kwa ulimi wake.

Sasa hesabu yenyewe. Bitcoin ilianza kazi Januari 2009, na kanuni zake zinasema hazitazidi milioni 21. Sensa ya 2022 ilituhesabu Tanzania watu 61,741,120. Maana yake, hata bitcoin zote za dunia zingeletwa hapa nchini tukagawana sawasawa, watu watatu wangeshirikiana moja. Basi ni wazi kwamba watu wengi wakiwa nayo, watakuwa na kipande. Na waliojenga mfumo walilijua hilo tangu mwanzo: kila bitcoin hukatwa vipande milioni 100. Zidisheni, mtapata vipande trilioni 2,100. Vigawanyeni kwa watu bilioni 8, kila mmoja atapata vipande 262,500. Ghafla vinatosha.

Na hapa kuna siri ambayo ninyi waundaji mnaijua lakini mteja wenu hajaambiwa. Ndani ya daftari la Bitcoin, ile orodha ya miamala yote inayotunzwa na kompyuta za mtandao wake, nukta haimo. Kinachoandikwa mle ni idadi ya vipande vidogo, namba nzima, kama bibi alivyohesabu thumni kwenye kopo. Nukta huwekwa na pochi, juu ya kioo, wakati wa kumwonyesha mtu. Maana yake tumeichukua namba safi, tukaivunja, tukampa mteja mabaki yaliyojaa sufuri.

Kipande hicho kina jina: satoshi. Kimeitwa hivyo kwa heshima ya Satoshi Nakamoto, jina alilolitumia mwanzilishi ambaye mpaka leo sura yake haijulikani kwa yakini. Jina halikuwekwa na yeye. Mwaka 2010 mtu mmoja miongoni mwa watumiaji wa mwanzo alipendekeza liwe jina la sehemu ya mia ya bitcoin. Mwaka uliofuata likashushwa hadi kipande cha mwisho kabisa, na hapo ndipo liliponata. Napenda jinsi lilivyoshuka. Wafalme hujiandika kwenye sarafu kubwa. Huyu jina lake lipo kwenye chembe ambayo peke yake hainunui hata kibaba cha kunde.

Lakini satoshi halikubaki peke yake. Wengine walitaka mili, yaani sehemu ya elfu. Wengine mikro, sehemu ya milioni, wakaiandika kwa herufi ya Kigiriki ambayo kwenye simu ya mkononi mtu anaitafuta mpaka anachoka. Mikro hiyo ni satoshi 100, na wapo walioipa jina "bit". Mwishoni mwa 2017 likawasilishwa rasmi pendekezo, namba 176 katika orodha ya mapendekezo ya kuboresha Bitcoin, kwamba bit iwe kipimo cha kawaida: bit moja, satoshi mia, kama shilingi na senti zake. Kwa hesabu ni zuri. Kwa ulimi wetu lina kasoro, kwa sababu biti tayari ni neno la kompyuta, na ninyi wenyewe mnalitumia kila siku kwa maana nyingine. Mama wa sokoni hatatatizika, ila mwanawe aliyesoma kompyuta atamweleza vibaya.

Mpwa wangu yuko Maskat, fundi wa viyoyozi. Kule rial moja ina baisa 1,000, kwa hiyo amezoea bei zenye tarakimu tatu baada ya nukta. Aliagiza vipuri kwa muuzaji wa mbali, wakakubaliana alipe 0.00035. Pochi yake ilimwonyesha msururu wa sufuri, akaandika 0.0035. Sufuri moja tu imepungua. Mara kumi ya deni ikaondoka, na Bitcoin ikishathibitishwa kwenye daftari hakuna benki ya kuipigia simu irudishe. Muuzaji alinyamaza. Ilikuwa akiba ya miezi miwili ya kijana anayemlea mama yake hapa Tanga.

Nilipoisikia habari ile nilikaa na karatasi, nikaandika kiasi kile kile kwa satoshi. Deni lilikuwa satoshi 35,000. Alichotuma ni satoshi 350,000. Someni kwa sauti. Elfu thelathini na tano. Laki tatu na nusu. Hakuna Mswahili duniani anayechanganya elfu na laki. Masikio yenyewe yangemzuia. Lugha yetu imejaliwa ngazi zake za kuhesabia, mia, elfu, laki, milioni, na kila ngazi ina mlio wake. Nukta ikitangulia, ngazi zote zinazimwa, inabaki sufuri baada ya sufuri, na sufuri zote zina mlio mmoja.

Kuna na lile la mkato na nukta. Sisi na Kenya tunaandika nukta kwa vipande na mkato kwa maelfu. Waswahili wa Goma, Bukavu, Lubumbashi na Bujumbura wamesoma kwa Kifaransa, na kwao mkato ndio unaotangulia vipande. Mtu wa Kigoma akimwandikia mwenzake wa Bujumbura 1.500, mmoja anaona moja na nusu, mwingine anaona elfu moja na mia tano. Satoshi hazina kinachobaki baada ya nukta, kwa hiyo hata alama ya maelfu ikibadilika, au ikiachwa kabisa, kiasi hakibadiliki.

Nirudi dukani kwa bibi, kwa sababu ndiko nilikopata jibu langu.

Neno "pesa" lilitoka wapi? Ni paisa ya Kihindi, sarafu ya shaba. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Sayyid Barghash alipopiga sarafu zake za Unguja mwaka wa Hijria 1299, aliweka pesa ya shaba yenye picha ya mizani. Wajerumani nao walipokuja walipiga pesa zao. Ilikuwa chenji! Ilikuwa sarafu ya ndizi na maji. Leo neno hilo hilo ndilo jina la fedha yote, kubwa na ndogo, na tangu 2007 limebebwa na M-Pesa. Na ile baisa ya mpwa wangu kule Maskat ni neno hilo hilo limevaa kanzu.

Na "hela"? Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ilibadilisha mgawanyo wa rupia: badala ya pesa 64, ikawa Heller 100. Wazee wetu wakaitamka hela. Sehemu ya mia ya rupia. Wajerumani walishindwa vitani, rupia yao ikafa, lakini hela iko mdomoni mwa kila mtoto wa Bara.

Vukeni ziwa mwende Lubumbashi. Mwaka 1967 Kongo ilianzisha fedha iliyoitwa zaire. Zaire moja, makuta 100. Likuta moja, sengi 100. Zaire imekwisha kuondoka katika matumizi, na Mswahili wa Lubumbashi akitaka kusema hana fedha, anasema hana makuta.

Pesa, hela, makuta. Sarafu tatu, tawala mbalimbali, na katika zote tatu jina la kipande kidogo ndilo lililopanda likawa jina la kitu kizima. Mimi siamini kwamba ni bahati. Watu wengi walikuwa hawaishiki rupia kwa wiki nzima, ila pesa waliishika kila asubuhi. Mtu hukipa ulimi wake kile anachokishika.

Thumni ndiyo inayonishangaza kuliko zote, nivumilieni kidogo. Thumuni kwa Kiarabu ni sehemu ya nane. Ilikuwa sehemu ya nane ya riale ya fedha. Riale moja ilikwenda kama rupia mbili, kwa hiyo thumni ilikuwa sawa na robo ya rupia. Waingereza wakaleta florini mwaka 1920 badala ya rupia, halafu mara tu shilingi, mbili kwa florini moja. Robo ya rupia ikawa nusu ya shilingi, senti hamsini. Ndiyo maana mimi, mtoto wa miaka ya sabini, niliita thumni sarafu yenye sungura ambayo si sehemu ya nane ya kitu chochote! Fedha ilibadilika mara tatu chini yake, na neno likakaa pale pale, kwa sababu ukubwa wa kile kilichonunuliwa nalo ulibaki karibu ule ule.

Sasa tazameni kilichotokea baada ya hapo. Shilingi ilipoteza nguvu. Senti zikatoka mikononi, zikabaki kwenye ile alama tunayoandika baada ya bei, mkwaju na mistari miwili, ambayo maana yake ni kwamba hakuna senti. Ulimi ukapanda juu, ukaanza kuyapa majina yale makubwa: jero, buku, msimbazi. Nairobi wana mbao, soo na thao. Kwa miaka thelathini na zaidi tumekuwa mafundi wa kuyapa majina mafungu makubwa. Bitcoin inatudai kinyume chake. Inatudai tushuke. Ndiyo maana tunajikwaa, wala si kwa sababu watu hawakusoma.

Kuna walioniambia, mama, kwa nini tukubali jina la Kijapani? Kiswahili kina chembe, kina punje. Nakiri kwamba punje ilinivuta. Niliitumia katika rasimu ya kwanza: "Umepokea punje 5,000." Ni tamu kuisoma. Nikaiacha kwa sababu mbili. Ya kwanza, kijana wa Tanga akidaiwa na mtu wa Brazili, lazima wote wawili waone neno moja kwenye vioo vyao, la sivyo tumemwongezea mlango wa kuibiwa. Ya pili, ukiacha yale ya mtaani, hakuna jina la fedha hata moja kinywani mwetu tulilolitunga sisi. Pesa, hela, shilingi, senti, rupia, riale, thumni: yote yaliletwa na majahazi au meli. Tuliyafanya yetu kwa kuyatumia.

Na satoshi halihitaji hata kurekebishwa. Sa-to-shi. Silabi tatu, zote zinaishia kwa irabu, mkazo unaangukia ya katikati kama shilingi. Liingizeni kwenye ngeli ile ile: satoshi moja, satoshi mbili, satoshi zangu zimefika. Ile "s" ya Kiingereza ya mwishoni, kwenye ufupisho wao wa "sats", tuiache huko huko. Vijana watakata waseme sati, na wakikata mitaani nitafurahi, maana hapo jina litakuwa limehamia kweli. Ila kwenye kioo liandikwe zima.

Jina lakini halikai kwa kupendeza tu. Ether, fedha ya mtandao wa Ethereum, ilipewa vipande vilivyoitwa kwa heshima ya watu watatu waliotangulia katika fikra za fedha za kompyuta: wei kwa Wei Dai, szabo kwa Nick Szabo, finney kwa Hal Finney, yule aliyepokea bitcoin za kwanza kutumwa na Satoshi mwenyewe. Ni heshima nzuri sana. Mwaka 2020 lugha ya Solidity, inayoandikia programu za mtandao ule, iliondoa finney na szabo katika vipimo vyake. Wei imebaki kwa sababu ndiyo chembe ya mwisho, na gwei, wei bilioni moja, imebaki kwa sababu watu wanaitaja kila wanapolipa ada ya muamala. Mitandao mingine ya fedha kama hizi nayo ina vipande vyake: Cardano wana lovelace, Solana wana lamport. Yatakayoishi ni yale yatakayotajwa kwenye bei.

Nimefika kwenye jambo linalonikera, na nitalisema wazi. Mwaka 2025 lilijadiliwa pendekezo namba 177 katika orodha ile ile. Linasema tuache neno satoshi, na kile kipande cha mwisho tukiite bitcoin. Yaani anayemiliki leo bitcoin moja aambiwe anazo milioni 100. Naelewa walikotoka. Wameliona tatizo lile lile la nukta, na wanataka namba nzima kama ninavyotaka mimi. Na mtu anaweza kuniambia: si umesema mwenyewe kwamba pesa ilipanda ikawa jina la yote?

Ilipanda, ndiyo. Ilipanda polepole, vinywani, baada ya sarafu yenyewe kuzeeka. Haikuamriwa asubuhi moja kwamba kuanzia leo rupia iitwe pesa. Tena angalieni walichofanya Wajerumani mwaka 1904. Walipobadilisha mgawanyo kutoka 64 kwenda 100, hawakuiacha sarafu mpya iitwe pesa. Wakaileta na jina jipya, hela. Mwenye duka aliyekuwa na deni la pesa kumi alijua ni pesa za zamani, na mwenye deni la hela kumi alijua ni za mgawanyo mpya. Vitabu vya madeni havikugongana. Leo mna mikataba, jumbe za simu, maandishi ya urithi, yote yameandika "bitcoin moja". Neno hilo hilo likigeuzwa maana, mjane atakayefungua karatasi ya marehemu mumewe atajuaje ni ile ya kununua nyumba au ile isiyonunua hata kibaba cha kunde? Sufuri nane za tofauti! Waachieni satoshi jina lake.

Mnisamehe nikipita haraka kwenye mengine. Kwenye mtandao wa Lightning, uliojengwa juu ya Bitcoin kwa malipo madogo ya haraka, hesabu hushuka hadi sehemu ya elfu ya satoshi, kama sengi ilivyokuwa chini ya likuta. Ibaki ndani ya mashine, mteja asionyeshwe. Na kwenye pochi zenu, mnapomtaka mtu athibitishe, andikeni namba kwa tarakimu kisha kwa maneno chini yake, "satoshi elfu thelathini na tano", kama hundi ya benki inavyotaka. Ni mistari michache ya programu. Mpwa wangu angeisoma.

Kipimo cha kuanzia kiwe satoshi tangu mtu anapofungua pochi mara ya kwanza. Anayetaka kuona BTC akaitafute mwenyewe kwenye mipangilio.

Limebaki neno moja ambalo sijalimaliza. Kwenye daftari kuu la Bitcoin, kiasi kikiwa kidogo mno, ada ya kukihamisha inakizidi thamani, na kompyuta za mtandao hukataa kukipitisha. Kwa anwani za aina ya zamani mpaka wake ni satoshi 546. Kiingereza wanakiita vumbi, nami nimeandika vumbi. Lakini kila nikisoma "Salio lako ni vumbi" naona tunamtukana mtu, maana huenda ndicho alichonacho. Bibi asingemwambia mteja kwamba thumni yake ni vumbi. Nimefikiria "masalio", nimefikiria "makombo", yote mawili hayajanikaa. Orodha ya maneno niliyofasiri iko mezani pale mlangoni, na hapo pa vumbi nimeacha nafasi kwa kalamu. Mwenye neno aliandike kabla hatujatawanyika.